Kisima Nilichokifunga

11 Machi
Mvua ya kwanza ya msimu. Imenyesha kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri, kisha jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa bondeni nakagua vyoo. Nimekagua ishirini na sita. Kumi na saba vimejaa hadi karibu na mdomo, na kimoja hakina paa. Mwenye nyumba anaingia na mwavuli. Nimeandika yote kwenye ripoti. Mwenyekiti wa kamati ya maafa, ambaye kata nzima tunamwita Bwana Vikao, ameisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Bibi afya, hili ni zito," akasema. "Tutaliweka kwenye ajenda."

Ripoti zangu hakuna anayezisoma hadi mwisho. Labda ndiyo sababu nimeanza daftari hili.

14 Machi
Mvua. Ajenda bado.

19 Machi
Nimepita kwa dada. Anaishi bondeni, nyumba ya nne kutoka mtoni, anashona nguo chumba cha mbele. Shemeji anatengeneza baiskeli barazani. Dada ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka saba. Sare yangu ya chuo cha afya aliishona yeye, akaniachia upindo mpana kwa sababu alisema bado nitarefuka. Nilikuwa na miaka ishirini.

Nimewaomba wahamie juu, karibu na shule, kabla mto haujajaa.

"Nihamie juu nikamshonee nani, mbuzi?" dada akauliza. "Wateja wangu wote wako huku."

Shemeji akacheka. "Mwache. Huyu akitazama glasi ya maji anaona wadudu wamekaa kikao, na Bwana Vikao ndiye mwenyekiti."

Nimecheka nami. Chai yao nimeinywa yote.

23 Machi
Mto umefika alama ya tatu kwenye nguzo ya kupimia kina. Alama ya tano ndiyo ya kuhamisha watu. Nimeandika barua wilayani kuomba ndoo kumi za klorini.

28 Machi
Imekuja ndoo moja.

30 Machi
Alama ya nne. Bwana Vikao ameitisha kikao cha kupanga siku ya kikao cha dharura. Sitanii.

2 Aprili
Naandika nikiwa juu ya dawati la darasa la tano, kwa sababu sakafuni hakuna pa kuweka mguu.

Maji yamekuja saa sita mchana. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda taratibu kupitia mitaroni, yakatokea vyooni kwanza, na kila kilichokuwa ndani ya vile vyoo kumi na saba kikatoka kikaanza kuelea barabarani. Nilikuwa nimekimbilia kwa dada. Maji yapo magotini, shemeji bado anafungua skrubu za cherehani.

"Acha hiyo mashine!" nikapiga kelele.

"Niiache, halafu huyu nimwambie nini?" akajibu, akimwonyesha dada kwa kidevu. Akaiweka kichwani. Dada akamshika mkanda, binti yao akamshika dada gauni, mimi nyuma yao nimebeba godoro ambalo lilishaloa na halikuwa na kazi tena. Sijui kwa nini sikulitupa. Katikati ya njia maji yalimfika shemeji kifuani, naye akawa anatutania kwamba sasa ndiyo tumwone umuhimu wa mume mrefu.

Tumefika shuleni salama. Daktari amehamishia dawa zote za zahanati darasa la kwanza. Kwa cheo yeye ni tabibu, lakini sisi hatuna mwingine, kwa hiyo ni Daktari. Hadi jioni nimehesabu watu elfu moja na mia mbili, na vyoo vinane. Wawili hawajaonekana: muuza mkaa na mama yake.

3 Aprili
Wamepatikana. Walikuwa wameshikana.

4 Aprili
Leo nimefunga kisima cha shule.

Kiko chini kidogo ya uwanja, na juzi maji machafu yalikifunika tangu adhuhuri hadi usiku. Mwongozo hauna utata: kisima kilichofunikwa na mafuriko kifungwe mpaka kisafishwe na kipimwe. Klorini niliyo nayo ni ile ndoo moja, na nusu imeshaisha kwenye vyoo na chumba cha wagonjwa. Wilayani wameahidi boza la maji kila siku. Nimepitisha mnyororo kwenye mpini wa pampu, nikatia kufuli, nikaning'iniza kibao. Watu walikuwa wamesimama na ndoo wananitazama.

"Sasa tutakunywa nini?" dada akauliza mbele yao wote.

"Boza linakuja jioni, dada."

"Ulizaliwa lini wewe, hata uamini gari la serikali?" Watu wakacheka, mvutano ukapungua.

Baadaye nikavuka mfereji kwenda upande wa pili wa barabara, kwenye kisima cha Mstaafu. Mzee huyu alikuwa fundi pampu wa idara ya maji miaka thelathini, na kisima kiko uani kwake, ni kidogo, kinatosha majirani tu, nao wote wanachota humo. Nacho kilifurika. Nilimkuta na wanawe wanakomba maji kwa ndoo na kuyamwaga.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimekuja kufunga kisima."

"Marahaba. Na watu wangu watakunywa nini?"

"Boza linakuja."

"Likija, njoo ufunge."

Nikamsomea mwongozo. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akarudi kukomba maji. Nimeandika jina lake kwenye orodha ya wakaidi. Watu wa namna hii ndio wanaoleta magonjwa, halafu tunaulizwa sisi. Mimi angalau nikifunga, hakuna atakayesema sikufanya kazi yangu.

5 Aprili
Boza limekuja. Watu wamelipigia makofi kama bibi harusi. Nimemtazama dada kwa jicho la ushindi.

6 Aprili
Boza limekuja likiwa nusu. Ugomvi kwenye foleni.

7 Aprili
Daraja la njia ya wilayani limezama. Boza halikuja.

8 Aprili
Halikuja. Na mvua ya kukinga hakuna. Saa tisa alasiri wanawake kama arobaini wamekuja ofisini kwangu, yaani kwenye kona ya stoo ya shule. Dada yuko mbele.

"Tufungulie."

"Siwezi. Maji yale ni sumu. Subirini kidogo, wanatafuta njia nyingine."

"Watoto hawajanywa tangu jana," akasema mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Nimwambie mtoto asubiri wilaya?"

"Mkinywa yale mtakufa," nikasema, na sauti ilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Nani atabeba lawama? Ni mimi."

Hakuna aliyenitukana. Wakageuka, wakaondoka na ndoo zao tupu. Niliwaona wakiteremka kuelekea kwenye dimbwi kubwa lililobaki nyuma ya uwanja, pale maji ya mafuriko yalipotuama. Niliona. Nikajiambia wanaenda kufua.

9 Aprili
Saa mbili asubuhi wameleta kinyozi. Anahara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa mtoni kutwa. Daktari akafinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Tukatazamana. Hakulitaja jina la ugonjwa, nami sikulitaja, lakini tulianza kutenga darasa la pili bila kuambizana.

Saa nane, wanne. Saa kumi na moja, tisa.

10 Aprili
Ishirini na tatu. Kinyozi amefariki. Mvua.

11 Aprili
Thelathini na nane. Tumetoboa vitanda na kuweka ndoo chini. Wanaoweza kunywa tunawapa dawa ya chumvichumvi. Maji ya kuikorogea tunakinga kwenye bati mvua ikinyesha. Wasioweza ndio wanaowekewa dripu, na dripu zimebaki kumi na sita. Mvua.

12 Aprili
Saa moja na nusu asubuhi binti wa dada amekuja akikimbia.

"Mama mdogo, baba anatapika."

Nilimkuta shemeji amelala juu ya kanga ya dada, kwenye ukumbi wa darasa la sita. Alijaribu kunitania. Alisema, "Wadudu wamefunga kikao, sasa wanatekeleza." Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Tulimbeba watatu hadi darasa la pili. Mtu mrefu vile, alikuwa mwepesi.

Dripu zilikuwa nne. Wagonjwa waliozihitaji walikuwa saba. Daktari akanivuta pembeni, kwenye ubao wenye hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta.

"Sitakuuliza wewe," akasema. "Hili nitaamua mwenyewe. Toka nje."

Nikatoka. Nilisimama ukutani nikihesabu matofali. Alipotoka alisema amempa shemeji moja, na moja moja watoto watatu. Hizo ndizo zote. Shemeji alihitaji sita.

Mchana kutwa dada na mimi tumekaa pande mbili za kitanda tukimnywesha kwa kijiko. Anameza vijiko vitano, anatapika vinne. Dada hakulia. Alikuwa anahesabu vijiko kwa sauti, na kila akitapika anaanza upya kutoka moja. Alasiri shemeji alishikwa na mkakamao wa miguu, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Tulimkanda mapaja mpaka mikono yetu ikafa ganzi.

"Alichota wapi maji?" nikamuuliza dada. Niliuliza kama ninavyouliza kila mtu. Ni swali la kwenye fomu.

"Dimbwini," akajibu, bila kuniangalia. "Angechota wapi kwingine?"

13 Aprili
Shemeji amefariki saa tatu asubuhi.

14 Aprili
Sitini na moja. Kumi na mmoja wamefariki.

15 Aprili
Leo saa tano Bwana Vikao ametokea juu ya kilima amelowa hadi kofia. Tangu juzi hatukumwona. Nilikuwa nimeshamsema vibaya kwa Daktari, kwamba bila shaka amekimbilia kwa ndugu zake mjini. Kumbe alikwenda darajani na vijana sita, wakafunga kamba kwenye nguzo zilizobaki, wakavuka. Wamerudi na maboksi ya dripu vichwani, na ndoo tatu za klorini. Kiganja chake cha kulia kimechunwa na kamba, nyama inaonekana. Nilipokuwa namfunga bendeji akasema, "Bibi afya, samahani. Ilitakiwa tuvuke siku ya kwanza. Niliitisha kikao."

Nilimfunga bendeji vizuri kadiri nilivyoweza.

Siku mbili. Maboksi yamechelewa siku mbili.

16 Aprili
Leo nimepata saa tatu za kukaa chini na daftari la wagonjwa. Wako themanini na wanane. Nimepita kitanda kwa kitanda, nikawauliza wenyewe au ndugu zao: unalala wapi, umechota wapi, tangu lini.

Themanini na tano wanalala shuleni. Wote walianza kuchota dimbwini tarehe saba au nane.

Watatu wanatoka ng'ambo ya mfereji, na wote watatu walikuja shuleni kuuguza ndugu.

Ng'ambo kuna kaya arobaini na tatu zinazochota kwa Mstaafu.

Nikahesabu tena. Nikadhani nimeruka ukurasa. Nikavuka mfereji mwenyewe, maji kiunoni. Mstaafu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kisima chake, na bomba la sindano mkononi. Kila mwanamke anayechota anaweka ndoo mbele yake, yeye anapima klorini kwa sindano, anatia, anakoroga, anasema, "Nusu saa. Ukinywa kabla, utanisikia." Alikuwa ameficha kopo la klorini ya unga tangu alipostaafu. Kisima alikikomba kikauka, akasugua kuta, akakitia dawa, akakiacha kijae. Wanawe wanapokezana naye kigoda tangu asubuhi hadi jioni.

"Hakuna aliyeugua huku?" nikamuuliza. Nilikuwa nalijua jibu.

"Bado, kwa rehema za Mungu. Poleni sana na msiba wa shemeji yako, mwanangu. Alinitengenezea baiskeli mara nyingi."

Nikaketi chini, kwenye tope, mbele ya foleni nzima. Yule mzee akawaambia wanawake wageuke watazame kwingine, nao wakageuka.

17 Aprili
Nimefungua kisima. Ufunguo ulikataa kuingia, ikabidi Daktari anishikie kufuli. Mstaafu amekuja na wanawe kukikomba na kukisugua. Klorini aliyoleta Bwana Vikao inatosha. Tangu saa tisa nimekaa na sindano, ndoo moja baada ya nyingine. Nimetia dawa ndoo mia mbili na kumi. Dada amekuja kwenye foleni. Ameweka ndoo, amengoja, ameichukua. Hatukusemeshana.

Dimbwi tumelizungushia uzio wa miba, Bwana Vikao akawa analinda kwa mkono mmoja.

18 Aprili
Wapya kumi na wanne.

20 Aprili
Wapya tisa. Mvua imepungua.

22 Aprili
Wapya wanne. Dada hanisemeshi bado. Binti yake ananiamkia akiwa peke yake tu.

25 Aprili
Mmoja.

26 Aprili
Hakuna. Sikuamini. Nimepita kila darasa nikiinua mashuka.

4 Mei
Mgonjwa wa mwisho ametoka kwa miguu yake, mwanamke wa miaka sabini, akilalamika kwamba tumempotezea kandambili moja. Jumla: wagonjwa mia moja na thelathini na tatu, vifo kumi na tisa. Daktari alikaa kizingitini akalala hapohapo, mdomo wazi.

6 Mei
Nimeandika ripoti ya mlipuko. Kwenye mstari wa "sababu za kusambaa" nimeandika: Kisima cha shule kilifungwa kabla maji mbadala hayajawa ya uhakika. Watu wakalazimika kunywa maji ya dimbwi. Aliyefunga ni mimi.

Daktari ameisoma mara mbili.

"Toa hiyo sentensi ya mwisho. Ulifuata mwongozo, hakuna atakayekugusa."

"Najua."

"Watakusimamisha kazi wewe, halafu huko juu watalala usingizi. Mafuriko hayakuletwa na wewe. Daraja hukulizamisha wewe."

Nikamwambia hayo nayo nimeyaandika, ukurasa wa pili, pamoja na ile ndoo moja ya klorini. Akanirudishia. Nimeituma.

9 Mei
Nimekwenda kwa dada. Amerudi bondeni, ukuta mmoja umeanguka, ameweka turubai. Cherehani iko palepale chumba cha mbele, naye alikuwa anashona. Nilisimama.

"Dada, nimekuja kukuambia jambo."

Hakusimamisha mguu. Nikamweleza yote: orodha, tarehe, dimbwi, ng'ambo ya mfereji, Mstaafu. Nilipofika kwa shemeji mguu wake ukasimama.

"Ungekuwa hujafunga," akasema, "angechota wapi?"

"Kisimani."

"Na kisima kilikuwa kichafu?"

"Kilikuwa kichafu. Lakini nilikuwa na nusu ndoo ya klorini. Ningeweza kukaa pale na kutia kila ndoo dawa, kama mzee yule. Ingetosha siku kadhaa."

"Kwa nini hukukaa?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mwongozo. Nilikuwa nimejiandaa kusema vyoo, kazi nyingi, mtu mmoja kwa watu elfu. Vyote ni kweli.

"Niliogopa," nikasema. "Mwenzangu wa kata jirani aliacha kisima wazi mwaka juzi, watu wakaugua, wakamfukuza. Nikaona nikifunga sitalaumiwa mimi. Na siku ile mlipokuja na ndoo, niliwaona mnateremka dimbwini, dada. Niliwaona."

Nje mtu alikuwa anasukuma tope kwa koleo. Dada alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili, na nilidhani atanipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

"Mimi nilikulea," akasema. "Nilikufundisha kuogopa watu namna hiyo?"

"Hapana."

"Nenda."

Nikaenda.

13 Mei
Mvua ndogo.

17 Mei
Barua kutoka wilayani: niendelee na kazi huku uchunguzi ukisubiriwa. Nimeisoma mara nyingi, sijisikii nafuu wala hofu.

21 Mei
Leo Bwana Vikao ameitisha mkutano wa kata nzima, uwanjani, kujipanga kwa mafuriko ya mwakani. Safari hii amesema kabla ya yote: "Kila atakalolisema mtu hapa litaandikwa, na litapigiwa mstari jina la wa kulitekeleza. Bibi afya ataandika." Mkono wake umepona lakini kidole kimoja hakikunji.

Watu wamesema. Mashimo ya vyoo yapandishwe juu ya ardhi. Mstaafu afundishe vijana kumi kutia maji dawa, naye akasema atafundisha wasichana, kwa kuwa ndio wanaochota. Dripu na klorini zikae upande huu wa mto kuanzia Februari. Nilikuwa naandika tu, kichwa chini.

Kisha uwanja ukanyamaza. Niliinua macho nikamwona dada amesimama, mbele ya wanawake waliokuja siku ile na ndoo. Amekonda. Hakumtazama Bwana Vikao. Alinitazama mimi, mara ya kwanza tangu siku ile niliyokwenda kwake.

"Maji yasifungwe kabla maji mengine hayajafika," akasema. "Yakiwa machafu, atakayekuja kufunga akae hapo ayatie dawa mpaka mengine yaje. Asiondoke."

Bwana Vikao akauliza, "Na wa kutekeleza tumpigie mstari nani?"

"Huyo anayeandika," dada akasema. "Na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake."

Akaketi. Karibu nishindwe kuona karatasi.

"Umeandika?" akaniuliza kutoka kule alikokaa, kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa akiniuliza zamani nikifanya kazi za shule.

"Nimeandika, dada."

"Soma tusikie."

Nikasimama, nikasoma.